Bei ya Haki na Njaa ya Jirani



Liko swali moja ambalo limenifuata kwa muda wa miaka mingi, wala sijapata kulifukuza. Swali lenyewe ni hili: Watu wawili wakikubaliana bei, mmoja akatoa na mwenziwe akapokea, wala hakuna aliyepigwa wala aliyedanganywa, je, bei hiyo ni ya haki kwa sababu wamekubaliana? Wengi watajibu upesi, Ndiyo. Mimi nami nalijibu hivyo zamani. Leo nataka kuwaeleza kwa nini siwezi tena kujibu upesi, na kwa kuwa jambo lenyewe lilinipata mimi, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2009 mvua zilikosa kaskazini ya Tanzania, na mifugo ikafa kwa wingi sana katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Mimi ni mkulima hapa Karatu. Ghalani mwangu ilikuwamo akiba ya mahindi ya mwaka uliotangulia. Siku ya mnada nikapakia magunia matatu juu ya mkokoteni wa punda, nikaenda. Nilipokuwa nimesimama penye magunia yangu, akaja mzee mmoja Mmasai wa pande za Ngorongoro, akiongoza mtamba mmoja. Mbavu za mnyama yule mtu aliweza kuzihesabu kwa mbali.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mahindi haya yauzwa?"

"Yauzwa, mzee."

"Fedha sina. Ninaye huyu."

Nikamzunguka yule mtamba, nikamtazama meno na kwato, nikasema, "Nitakupa gunia moja."

Mzee hakunitazama mimi, alimtazama mtamba wake. Akasema, "Mwanangu, ongeza." Nikaongeza madebe mawili. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, tumekubaliana." Akapakia mahindi juu ya punda wake wawili, akaenda zake kwa njia ya mlimani. Kabla ya ukame ule, mtamba wa namna ile, mwenye afya, alipata magunia matano na zaidi. Rafiki zangu wakanipigia makofi ya begani, wakasema nimepata.

Nilipofika nyumbani, mama yangu, ambaye wakati ule alikuwa mzee sana, alitoka kwa fimbo yake hata zizini. Akamtazama yule mtamba kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu ni wa rafiki yako yupi?"

Nikamjibu, "Si wa rafiki, mama. Mtu yule simjui."

Akasema, "Humjui? Basi umefanyaje biashara naye?"

Nalicheka, maana nalidhani ni maneno ya uzee. Lakini usiku kicheko kilikwisha, na neno lile likabaki. Baadaye nikawaendea wazee wengine, nikawauliza habari za kuuza na kununua katika siku za kale, na mengine nikayasoma vitabuni. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nchi yetu hii, tangu ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara hata Ziwa Eyasi, na tangu mlima Oldeani hata nyanda za Ngorongoro, ni nchi ya watu wenye kazi mbalimbali. Wairaqw, ambao zamani waliitwa Wambulu, walitoka katika milima ya kwao upande wa kusini, wakaenea hata Karatu katika karne ya 20. Nao ni wakulima wanaofuga. Wamasai na Wadatoga ni wafugaji. Wahadzabe wa kando ya Eyasi ni wawindaji na warina asali. Kwa hiyo kila watu walikuwa na ziada ya kitu kimoja na upungufu wa kingine. Mkulima alikuwa na mtama, uwele, mahindi na vibuyu. Mfugaji alikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngozi. Mhunzi wa Kidatoga alifua mikuki, bangili na vichwa vya mishale. Mhadzabe alikuwa na asali na ngozi za wanyama, naye alihitaji chuma cha mishale yake, na tumbaku. Tena ilikuwako chumvi ya Eyasi, ambayo sifa yake ilifika mbali, hata Wasukuma wakafanya misafara kutoka kwao kuifuata. Habari za misafara hiyo zilichapwa mwaka 1938 katika jarida lililoitwa Tanganyika Notes and Records.

Basi watu hawa walibadilishana mali zao pasipo fedha wala mizani. Je, bei ilishikwa na nini, isipande wala kushuka kwa matakwa ya mwenye nguvu? Wazee wangu walinitajia mambo matatu. La kwanza ni desturi: watu walijua kibuyu cha nafaka cha ukubwa huu ni kwa kitu gani, na mbuzi ni kwa vibuyu vingapi, wala mtu hakuanza kila siku kubishana upya. La pili ni urafiki: mtu hakwenda kumtafuta mnunuzi ye yote, bali alikwenda kwa rafiki yake, ambaye baba yake naye alikuwa rafiki wa baba yake. La tatu ni ngojea: malipo hayakuwa lazima siku ile ile.

Mama alinisimulia habari ya babu yangu. Alikuwa na rafiki Mdatoga upande wa Eyasi. Mwaka mmoja Mdatoga yule alikuja mikono mitupu, akachukua nafaka, wala hakuacha hata mbuzi. Miaka miwili ikapita ndipo akaleta mbuzi wake. Mwaka mwingine shamba la babu likaliwa na wadudu. Rafiki yake akamletea ng'ombe mwenye maziwa, amtunze na kunywesha watoto, hata njaa ilipokwisha ng'ombe akarudi kwa mwenyewe. Nikamwuliza mama, "Nani alipata faida?" Akashangaa swali langu. Kwake halikuwa swali.

Lakini, ndugu zangu, tusiwasifu watu wa kale kupita kiasi, kana kwamba dhambi ya tamaa ilizaliwa pamoja na barabara ya lami. Watu hawa waliokuwa wakibadilishana mbuzi na mtama, katika miaka mingine walivamiana na kunyang'anyana ng'ombe. Tena aliyekuwa hana rafiki, kama mjane au mgeni, urafiki wa wengine haukumfaa kitu. Na njaa kubwa ilipokuja, mambo yale matatu yote yaliweza kukatika.

Liko jambo moja lililoonekana hapa hapa petu, nalo linatisha. Yapata mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia katika nchi za Wamasai, ukaua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wao, na ndui ikaja kuwamaliza watu waliodhoofika. Mwezi wa Machi 1892 msafiri mmoja Mwaustria, Oscar Baumann, alishuka na msafara wake katika kreta ya Ngorongoro. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1894 alieleza habari za Wamasai waliokuja kuizunguka kambi yake, watu waliokonda wakabaki mifupa. Aliandika kwamba walikuwako wazazi waliotaka kumpa watoto wao wapate kipande cha nyama.

Na tufikiri juu ya jambo hili bila haraka. Kama bei ni ya haki kwa sababu wawili wamekubaliana, basi mtu ambaye angemtwaa mtoto yule na kutoa kipande cha nyama angekuwa amefanya biashara halali. Mzazi amesema ndiyo. Nyama imetolewa kama ilivyoahidiwa. Hakuna aliyempiga mwenziwe wala kumdanganya. Hata hivyo moyo wa kila mtu wakataa. Wakataa kwanza kwa sababu mtoto si bidhaa. Lakini wakataa pia kwa sababu ya ile ndiyo ya mzazi. Twajua ya kuwa si ndiyo. Wahenga walisema, Mfa maji hukamata maji. Mtu anayezama hachagui anachokishika, na anayemnyoshea fimbo kwa masharti hawezi kusema kwamba wamepatana.

Kutokana na hayo najifunza neno moja: kukubali kwa mtu kuna uzito pale tu anapoweza kukataa. Aliye na chakula nyumbani akiambiwa bei mbaya, atasema hapana, atarudi kwake, atakula, atangoja mwezi ujao. Asiye nacho hawezi kusema hapana. Kwa hiyo maneno "tumekubaliana", ambayo mzee yule aliniambia mnadani, hayakuwa shahidi wa haki yangu. Yalikuwa shahidi wa njaa yake.

Wengine watasema kwamba fedha ndiyo iliyoharibu mambo, na tukirudi kwenye kubadilishana tutapona. Sidhani hivyo. Serikali ya Wadachi ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na mwaka 1904 ikaleta sarafu za heller, 100 kwa rupia moja. Waingereza walipotawala Tanganyika wakaleta shilingi ya Afrika ya Mashariki, na shilingi yetu ya Tanzania ikaanza mwaka 1966. Pamoja na fedha vilienea vipimo: kibaba, pishi, ambayo ni vibaba vinne, na debe, ambalo kwanza lilikuwa kopo la mafuta ya taa. Ikaja na minada, ambayo jina lake latokana na kunadi, yaani kuitangaza bidhaa kwa sauti mbele ya watu wote. Mambo haya yalileta wema. Mjane asiye na rafiki aweza kuuza debe lake la maharage kwa mtu asiyemjua, akalipwa papo hapo. Bei hutajwa hadharani, na mjanja hawezi kumficha mjinga kwa urahisi. Deni la babu halimfuati mjukuu. Tena mimi mwenyewe sikutumia fedha hata senti moja siku ile. Nalibadilishana mahindi na mtamba, kama watu wa kale. Ubaya wangu haukutoka katika sarafu.

Fedha ilituondolea jambo moja tu, nalo ni ulazima wa kukutana tena. Babu yangu hakuweza kumkamua rafiki yake katika mwaka wa njaa, maana alijua mwaka ujao atamwona, na labda siku ile mwenye njaa atakuwa yeye. Mimi nalijua ya kuwa mzee yule sitamwona tena. Nalimwuzia mgongo wake, siyo uso wake.

Wala mambo haya si ya huku kwetu tu. Katika Ireland, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, watu wa mashamba zamani walikuwa na minada yao ya ng'ombe katika njia za miji midogo. Muuzaji na mnunuzi walibishana, wakaachana kwa hasira, na mtu wa tatu akawarudisha na kuwashikisha mikono. Bei ilipokatwa walipigana viganja, na muuzaji akamrudishia mnunuzi sarafu ndogo ya baraka, ili mnyama amfanikie. Desturi nzuri! Ni kama kusema: nimekuuzia, wala sikutakii mabaya. Lakini katika nchi ile ile, tangu mwaka 1845, ugonjwa uliharibu viazi vilivyokuwa chakula cha maskini, na kwa muda wa miaka michache watu wapata milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Katika miaka hiyo meli ziliendelea kuchukua nafaka na mifugo ya Ireland kwenda kuuzwa Uingereza, kwa kuwa wenye fedha walikuwa huko. Nafaka ile haikuibwa. Iliuzwa kwa bei iliyokubaliwa na muuzaji na mnunuzi. Lakini mwenye njaa asiye na fedha hakuwamo katika mapatano yale, na soko halikumwuliza neno.

Swali hili ni la kale sana. Mroma mmoja, Cicero, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alitoa mfano huu. Watu wa kisiwa cha Rhodes wana njaa. Mfanya biashara anafika na merikebu ya nafaka kutoka Aleksandria, naye anajua ya kuwa merikebu nyingine nyingi ziko njiani. Je, awaambie wenyeji, bei ishuke? Au anyamaze, auze kwa bei ya juu? Cicero alieleza kwamba wenye hekima wawili walipingana. Mmoja alisema muuzaji hana wajibu ila kutaja kasoro za bidhaa yake kama sheria inavyoagiza. Mwingine alisema mtu amezaliwa kuwafaa watu, basi haimpasi kuwaficha. Cicero mwenyewe aliamua kwamba haikumpasa kunyamaza.

Nasi Walutheri tunalo neno la Martin Luther mwenyewe, kwa maana mwaka 1524 alitoa kitabu juu ya biashara na riba. Humo aliishika kanuni ya wafanya biashara wa siku zake, waliosema kwamba mtu ana ruhusa ya kuuza mali yake kwa bei kubwa kadiri awezavyo, akaikataa kabisa. Alifundisha kwamba kuuza si jambo la mtu peke yake na mali yake, bali ni tendo analomtendea jirani, kwa hiyo lazima liwe na mpaka. Alimruhusu muuzaji ahesabu gharama zake, taabu yake na hatari aliyoingia, ajilipe kama kibarua anavyolipwa. Alichokikataza ni kuitazama shida ya jirani na kuifanya sababu ya kuongeza bei. Na kabla yake nabii Amosi aliwakemea wale waliopunguza kipimo cha nafaka na kuwageuza maskini kuwa bidhaa.

Sasa nitayataja maneno ambayo nalijitetea nayo, maana najua wako wasomaji wanaoyasema moyoni.

Kwanza nalisema, "Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya mnada siku ile." Ni kweli. Lakini bei ya mnada haikushuka kutoka mbinguni. Ilifanywa na watu kama mimi, kila mmoja akimtazama mwenziwe anatoa kidogo namna gani. Watu mia wakitenda jambo moja hawaligeuzi kuwa haki. Wanaligeuza kuwa la kawaida.

Pili nalisema, "Nisingenunua mimi, mwingine angalitoa kidogo zaidi, au mtamba angalifia njiani na mzee angalirudi mikono mitupu." Neno hili lina nguvu kuliko la kwanza. Ni kweli kwamba madebe yale manane yaliingia katika nyumba yenye njaa, na kama wakulima wote wangalifunga maghala yao kwa kuogopa dhambi, njaa ingalizidi. Kwa hiyo sisemi kwamba nalikosa kwa kununua. Nalikosa kwa namna nilivyonunua. Kumwokoa mtu mtoni ni wema, lakini wema huo hautupi ruhusa ya kumvua nguo.

Tatu nalisema, "Mimi naliingia katika hatari, mtamba amekonda, angeweza kufa zizini mwangu." Neno hili ni la kweli kabisa, na haki yataka tulihesabu. Mnyama aliyekonda hawezi kuwa na bei ya mnyama aliyenona. Basi jioni moja nikaketi na karatasi. Nikaandika thamani ya mtamba mwenye afya. Nikatoa hatari ya kufa. Nikatoa malisho ambayo mwaka ule yalikuwa ghali, na kazi ya mtoto wa kumchunga. Baada ya kutoa vyote hivyo, nikaona ningaliweza kutoa magunia matatu wala nisipate hasara. Nalitoa gunia moja na madebe mawili. Zile debe kumi zilizobaki hazikuwa malipo ya gharama, wala ya taabu, wala ya hatari. Zilikuwa bei ya njaa yake, nami nalizitia ghalani mwangu.

Wahenga wanasema, Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini mimi nalimjua. Nalimwona kwa macho yangu. Neno hilo la wahenga halinifai kuwa udhuru.

Tena ilikuwako njia nyingine, wala haikuwa ngeni, kwa maana babu yangu aliijua. Ningaliweza kumwambia mzee, "Chukua magunia mawili, umwache mtamba kwangu. Mvua ikinyesha uje. Ukiweza, utanilipa mahindi yangu na gharama ya malisho, umchukue. Usipoweza, ndama wa kwanza atakuwa wako." Kwa njia hiyo mimi nisingalipoteza kitu, naye asingalipoteza mbegu ya zizi lake. Ingalinipasa tu kumwuliza jina lake na jina la boma lake.

Msidhani, wapenzi, kwamba haya ni mambo ya ukame mmoja uliopita. Majirani zetu wa Ngorongoro wana shida ambayo sisi hatuna. Eneo lao lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1959. Mwaka 1975 kilimo kikakatazwa humo. Mwaka 1992 kikaruhusiwa kidogo kwa ajili ya chakula, na baadaye kikakatazwa tena. Sizungumzi hapa juu ya sheria hiyo. Nasema hili tu: mtu asiyeweza kulima hana budi kununua, na mahindi anayoyanunua hutoka kwetu sisi tulio nje ya lango. Kwa hiyo kila mkulima wa Karatu ameshika ufunguo wa ghala la mtu mwingine, apende asipende.

Nasi pia tunatendewa vivyo hivyo. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola amwagilia shamba lake kwa maji ya chemchemi za bonde la Eyasi, avuna, naye hana mahali pa kuviweka visioze. Mnunuzi anafika na lori, anataka gunia lijazwe hata lifanye kilemba juu ya mdomo wake, lile tunaloliita lumbesa, lakini alilipe kama gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Lakini mkulima anayeona vitunguu vyake vinaanza kuchipua hana nguvu ya kukataa. Anasema, "Tumekubaliana." Mnasikia? Ni neno lile lile la mzee wa Ngorongoro, sasa katika kinywa chetu. Sisi tunaolalamika juu ya lumbesa ya vitunguu, na tuikumbuke lumbesa yetu ya mahindi.

Hata simu tulizo nazo mikononi zimekuwa kama ule mfano wa merikebu za Aleksandria. Anayejua bei ya Arusha asubuhi hii, akamnunulia asiyejua kwa bei ya mwezi uliopita, amenyamaza palipompasa kusema. Habari ya bei haina uzito wa kubeba. Kumpa mwenzako hakukuchoshi.

Basi tufanye nini? Sitaki kuweka sheria mpya juu ya watu. Lakini kila mtu anayeuza au kununua aweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kushikana mkono. La kwanza: Je, huyu aweza kunikatalia, akaenda kwake, akala? La pili: Katika bei hii, gharama yangu ni kiasi gani, na shida yake ni kiasi gani? La tatu, ambalo ndilo swali la mama yangu kwa maneno mengine: Tukikutana mwaka ujao njiani, nitaweza kumwamkia na kumtazama usoni? Ninyi walimu wa dini, mnapofundisha vijana juu ya amri ya kutoiba, msiishie kwa mwizi wa kuku. Wapelekeni mnadani, wakatazame kwa macho yao.

Mwaliza pengine, yule mtamba alikuwaje? Hakufa. Mvua ziliporudi alinona, akazaa, na kizazi chake kikazaa. Kwa miaka kadhaa nalikwenda kila siku ya mnada, nikawauliza Wamasai habari za mzee mrefu mwenye punda wawili, mmoja mweupe usoni. Wengine walicheka, wengine walinihurumia. Punda wa namna hiyo ni wengi. Jina lake sikuwa nalo. Mama alifariki kabla sijapata jibu.

Ndama jike wa kwanza nalimtia alama sikioni, na wazao wake wote nawatia alama ile ile. Leo ni wanne. Siwahesabu katika mali yangu, wala watoto wangu hawatawarithi, nimewaambia hivyo. Mtu wa Ngorongoro akija katika mwaka mbaya akitafuta nafaka, maziwa ya ng'ombe hao ni yake bure, na mahindi atanunua kwa bei ya mwaka mzuri. Najua ya kuwa hii si kulipa deni, maana deni hulipwa kwa mwenyewe. Lakini sasa kila anayekuja namwuliza kwanza jina lake, na la boma lake, kisha ndipo tunazungumza bei.